Mfuko wa Kushoto na Dakika ya Sita

Mpendwa mshauri wa gazetini, naandika kuomba msaada nikiwa nimejificha nyuma ya marobota ya vitambaa kwenye chumba changu mwenyewe cha kazi, mama mzima, mzazi wa meneja (mwanangu wa kwanza ni meneja, ana ofisi yenye kiyoyozi na kiti kinachozunguka, lakini hayo nitayaeleza baadaye), nawakwepa mafundi watano ambao mimi ndiye msimamizi wao.

Sisi tunashona makoti ya wauguzi. Jengo letu lilifungwa miezi kumi na minne kwa matengenezo, kila fundi akabeba cherehani chake kwao, nami nikawa nawaongoza kwa simu, kwenye grupu, kwa ujumbe wa sauti kila asubuhi, maana kuandika kunanichosha, shule yangu ilikuwa fupi, ila kuongea nimejaliwa. Nilikuwa naanza na salamu, nahamia kwa mwanangu, jinsi alivyopandishwa cheo, jinsi alivyovaa joho la shahada ya pili, joho lenyewe lilivyomkaa mabegani, mabega ya kwetu hayo, halafu mwishoni ndio kazi. Wakaanza kuniita Mama Meneja. Nami nikaona ni heshima! Nikabadilisha hata jina langu kwenye simu.

Wiki iliyopita tukarudi pamoja, nimevaa gauni jipya, nimepanga vyerehani kwa mstari, nikasema tutundike kazi zote tuzione. Mshauri, karibu nusu ya makoti yana mfuko kulia, mengine kushoto, yametundikwa pale kama watu wanaojitazama kwenye kioo. Wateja walitaka mfuko uhamie kulia, na mimi nilisema, naapa nilisema! Nikamgeukia fundi wangu mkongwe, tunayemwita Bi Vifungo kwa sababu hakuna kitundu cha kifungo kinachomshinda, nikamuuliza mbele ya wote, "Wewe nawe, dada, hukusikia?"

Akasema kwa upole, "Ulisema kabla ya joho au baada ya joho?"

Wakacheka wote, hata yule mkimya wa ovaloki, mashine ya kufunga kingo. Nikapandwa na mori, nikamwambia, "Wenzio walikuwa wanashona, wewe huko nyumbani ulikuwa umelala." Kicheko kikakatika. Akafunika cherehani chake, akatoka, na kesho yake akaniletea barua: mwisho wa mwezi anaondoka. Tangu hapo kila mmoja amegeuza cherehani chake kinatazama ukuta, tupo chumba kimoja na bado wananitumia ujumbe wa simu kuniomba uzi.

Basi nikaingia kwenye grupu kutafuta ushahidi wa kumuumbua. Ujumbe wenyewe ni wa dakika saba, habari ya mfuko iko dakika ya sita, na mimi mwenyewe nilichoka kujisikiliza. Nikazidi kurudi nyuma, nikakuta Bi Vifungo ameandika: "Jamani, mama amelazwa, nashinda naye wodini, makoti yangu yatachelewa kidogo." Wote wamempa pole. Na katikati ya hizo pole, mimi nimeweka picha ya mwanangu na joho lake, na maneno, "Mungu ni mwema!"

Ndipo nilipokuja kujificha huku. Sasa mwanangu amejitolea kuja na projekta awafundishe ushirikiano kazini, anafundisha vizuri mno, watu wazima wanaandika. Je, nimlete? Au nimtumie Bi Vifungo ujumbe wa sauti wa kumwomba radhi? Nimeshaurekodi, umefika dakika kumi na moja. Akiondoka, wengine watamfuata, kwake ndiko walikojifunza kazi, hata mimi.

Mama Meneja

*

Mama Meneja,

Futa hiyo sauti. Sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Umefuta? Haya. Nimecheka na barua yako hadi nikavua miwani, halafu nilipofika pale pa wodini sikucheka tena. Huna roho mbaya. Mwenye roho mbaya angeifuta ile picha na kuendelea kumlaumu mwenzie. Ila mdomo wako unayatangulia masikio, na miezi yote hiyo mafundi wako wamekuwa hadhira yako. Unashangaa wanatazama ukuta? Ukuta hauna mtoto meneja.

Mwanao mwache ofisini kwake. Hongera kwa kumlea, nasema kwa dhati, lakini siye yeye aliyemwambia mtu amelala. Ulisema wewe mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao utasema umekosa. Kesho asubuhi, kabla vyerehani havijaanza kulia, simama useme: "Dada, ulikuwa unamuuguza mama, nami nikasema umelala. Nimekosa. Na kosa la mifuko ni langu." Basi. Ukihisi neno "mwanangu" linapanda kooni, meza mate.

Kisha keti, uwaulize mmoja mmoja muda huu wote ulikuwaje kwao, wala usijibu kwa kisa chako. Mlirudi kazini mkatundika makoti kabla ya kujuliana hali, ndiyo maana makoti yamerudi na watu bado. Baada ya hapo chukua wembe, mifuko yote ya kushoto uifumue wewe kwa mkono wako. Na maagizo ya kazi yaandike ubaoni, mstari mmoja, hata kama herufi zinapinda.

Huenda Bi Vifungo akaondoka hata hivyo. Ni haki yake. Usimng'ang'anie, na umwandikie barua nzuri ya kumsifu huko aendako.

Lakini kuna jambo limenikosesha raha. Nimeisoma barua yako mara tatu, na hakuna mahali uliponiambia kama mama yake alipona. Nadhani hujui. Hilo lisisubiri kesho. Weka gazeti chini, mwendee, umuulize. Na jibu lolote atakalokupa, lipokee kimya.