Vidoa Vyekundu Kwenye Ramani

Shosti, upo?

Kile kikompyuta cha ramani kwenye boti ya baba mkwe, si nilijitia fundi leo nikakiwekea mfumo mpya?

Kikawaka vizuri, ramani inang'aa. Shemeji, nahodha wa juzi tu, akachungulia akacheka: "Umekisafisha kweli! Hata vile vidoa vyekundu vimetoka."

VIMETOKA, shosti! Na mimi nikachekelea kama zuzu.

Akapakia abiria, akang'oa nanga. Mume wangu yumo.

Sasa hivi baba mkwe kaja gatini na kikombe chake cha chai. "Mwanangu, alama zangu ulizitunza kabla ya kubadilisha?"

Alama zipi, baba?

"Zile nyekundu. Ni miamba. Nimeitia mwenyewe, mmoja mmoja. Ramani ya dukani haiijui."

Nilifuta kila kitu, shosti. KILA KITU.

Mzee wala hajanigombeza. Amekaa chini tu, chai inamwagika, anampigia shemeji. Hapatikani.

Na mimi ndio kwanza naona ujumbe alioniachia shemeji kabla mtandao haujakata: "Asante shem. Leo sizunguki, nakata moja kwa moja. Njia nyeupe."