Goti Linasemaje?

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwanza. U mzima? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio ulionishikisha kalamu, maana kwenye simu ungenikatia.

Kazi bado ni ile ile ya kuuza vyerehani. Siku nzima nawaandikia barua pepe mafundi wasionijua. Bosi wetu, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, alitufundisha kwamba mgeni hafungui mlango kwa kelele. Alisema tusiuze kitu kwenye barua ya kwanza. Tutaje jambo moja tuliloliona kweli katika kazi yake, kisha tuulize swali analoweza kulijibu yeye tu. Basi naangalia picha za duka la mtu, naandika kwamba kola ya lile shati la mistari imelala vizuri, halafu namuuliza goti linasemaje.

Ndiyo, dada. Swali tulilokuwa tukimuuliza Mama akikanyaga cherehani. Usiikunje barua, tafadhali.

Wenzangu huandika weee, wakajibiwa na mmoja au wawili. Mimi najibiwa na karibu kila mtu! Kumbe hakuna anayewajulia hali mafundi, na pedali inavyowatafuna. Mmoja alinieleza goti lake, akaunganisha na mume aliyemkimbia. Bosi akanisifu mbele ya ofisi nzima, eti nina mkono wa kuaminiwa. Nilicheka kama mjinga, na chakula changu cha mchana nikampa mlinzi. Wale watu walidhani nawauliza wao.

Juzi amenijibu fundi mmoja wa mbali, msichana tu. Alisema goti lake ni zima, ila alipoisoma barua yangu kwa sauti, bibi anayemsaidia kushona vifungo dukani aliacha sindano hewani. Akauliza nani ameandika. Akaambiwa ni muuza vyerehani. Akaichomeka sindano kwenye kanga yake, kisha akasema nijibiwe kwamba goti linasema mvua inakuja, waanue nguo.

Dada, nani mwingine duniani alijibu hivyo ila Mama? Na sisi tukitoka mbio uani kuanua, jua limewaka, tunacheka.

Najua ulimwambia Mama nini asubuhi ile alipobeba mfuko wake akaondoka. Nilikuwa nyuma ya mlango. Tangu hapo umekuwa ukiniambia nimhesabu amekufa, nami nikiitikia, lakini sikuzika mtu. Sikuichukua kazi hii kwa mshahara. Kila barua ilikuwa hodi ya kumtafuta yeye, na wasio yeye wakanifungulia kwa moyo mweupe. Sasa magoti yao yananiandama kila nikifungua kompyuta.

Fundi alimalizia kwa swali. Alisema bibi amemsihi aniulize, kisha akamsihi asiniulize: yule mkubwa bado amenuna?

Jibu si langu, dada. Niandikie, hata likiwa tusi, nitalifikisha.

Wabusu watoto. Shemeji mwambie suruali yake bado sijaipunguza kiuno, anenepe tu.

Huku jua ni kali, lakini nguo nimeshazianua.

Mdogo wako,
Pini