Mtungi wa Maji ya Bahari Uliotoka Murera

Mami,

Mtoto wako amebahatika kuliko wote aliosoma nao, hata wale waliomaliza. Nimepandishwa cheo. Sasa mimi ndiye mkubwa wa wapima maji huku Pwani, na hoteli zikiniona zinatetemeka. Wewe je, tumbo limetulia? Na ng'ombe, amezaa salama?

Unakumbuka Desemba ulipoingia baharini na leso yako, ukatoka unacheka, halafu uliporudi nyumbani ukalazwa Thika siku tatu, tumbo linaendesha? Nilimpigia simu meneja wa ile hoteli ya ufuoni. Akaniambia, "Mzee, nyinyi watu wa bara mkiona maji mengi mnakunywa." Akacheka. Kicheko hicho nimelala nacho na kuamka nacho miezi yote hii.

Kazi yangu unaijua. Kila Jumatatu naingia majini hadi kiunoni, najaza chupa safi, naiweka kwenye boksi la barafu, naipeleka maabara siku hiyo hiyo. Wakipata vidudu vya choo ndani, bendera nyekundu inasimamishwa na hakuna kuogelea. Lakini meneja alishajua Jumatatu yangu. Siku hiyo analifunga bomba lake linalomwaga maji machafu baharini, na majibu yanarudi safi.

Ndiyo maana nikakuomba ule mtungi uliojaza baharini siku ile, ukasema ni wa kupaka akina mama wa kanisa magoti. Uliniuliza, "Njoroge, kwani bahari imeisha huko?" Nikakudanganya ni kumbukumbu. Ukautuma na basi. Mami, nilitaka maji yaliyokuumiza wewe yamfunge yeye. Nikayamimina kwenye chupa ya kazi, nikaandika jina la ufuo wake, nikatia sahihi huku napiga mluzi.

Majibu yakarudi safi. Safi kuliko kisima chetu. Mwanaidi wa maabara akanieleza baadaye, vile vidudu vya choo haviishi miezi mtungini, vinakufa. Meneja akabandika karatasi ya majibu mlangoni pa hoteli, sahihi yangu chini. Jumapili watu wakajaa majini. Mama mmoja wa umri wako, leso kiunoni, akachota kwa viganja akanawa uso. Nikashindwa kumwangalia.

Kesho yake nikaenda kwa supavaiza nikasema yote.

"Hayo maji ulitoa wapi?"

"Murera."

"Murera ni ufuo gani?"

"Si ufuo, mkubwa. Ni karibu na Juja."

Hakucheka. Nikamwambia anifanye atakavyo, lakini atume mtu siku isiyo Jumatatu. Wapimaji wengine wakaenda Jumatano bila kupiga hodi. Maji yalikuwa uchafu mtupu. Sasa bendera nyekundu iko mbele ya hoteli, viti vyake vimekaa peke yao. Mimi nilinunua mahindi ya kuchoma, nikasimama pale barabarani nikitafuna polepole mpaka meneja akatoka. Nikamwambia, "Bosi, watu wa bara tumeacha kunywa." Mami, sijawahi kula mahindi matamu hivyo.

Nisalimie bibi yetu shosho, na dada Wanjiru wa nafaka pale Githurai, na baba mdogo anayekukamulia ng'ombe. Waambie meneja amelipa.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Njoroge

Cheo sikupewa, Mami. Nilifutwa kazi Jumatano hiyo hiyo.