Ngoja Pasaka, Afande

Mwaka umeshazunguka, Cissy wetu, tangu malaria ikupande kichwani katikati ya Kwaresima ya 1996 na kukutoa Jinja ukiwa mzima wa miaka na mipango, tukakuzika huku Mbale kwenye shamba la mumeo, kabla matawi hayajabarikiwa.

Kalamu nimeishika mimi, mdogo wako Eseza, kwa niaba ya nyumba nzima. Mumeo ameturuhusu tuyaseme haya mbele za watu kwa sharti moja, kwamba tusimpake mafuta. Basi hatumpaki.

Tunakumbuka mwendo wako wa haraka, na viatu ulivyovua mvua ikinyesha ukavibeba mkononi kama mayai. Tunakumbuka ulivyofundisha dini na historia katika ile shule ya Kikatoliki, na ulivyosahihisha kazi za watoto huku maharage yakiungua. Na zaidi ya yote tunakumbuka Jumamosi zako. Jumamosi ulikuwa mlezi wa vijana Wakatoliki wa shule, na mchana wote ukumbi ulijaa ngoma, nyimbo na maswali ya watoto ambayo hata Padre aliyakimbia. Mliwatembelea wagonjwa kule Masese, wanafunzi wakibeba sabuni na unga, wewe ukiwa mbele unaimba.

Walikuita Mama. Wote walikuita hivyo, hata wale ambao mama zao walikuwa wanauza mboga mtaa wa pili. Na hapo ndipo maumivu ya mumeo yalipoanzia.

“Hawa watoto hapana iko na mama kwao?” mumeo Yekosofati alikuwa akiniuliza. “Nauliza tu.”

Wivu ni kidonda, ukikishiriki utakonda. Shemeji yetu alikonda, Cissy, na sote tuliona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa sajini wa magereza, mtu aliyezoea kufunga mlango jioni na kujua kila aliyemo ndani yuko wapi, na mke wake ndiye mtu pekee ambaye hakujua yuko wapi. Kila Jumamosi alikuja na baiskeli yake hadi getini pa shule, akasimama, akapiga kengele. Ndani hakuingia. Alisema yeye ni Mprotestanti na miguu yake haijui njia ya huko. Wanafunzi walimletea kiti, akabaki amesimama. Walimletea soda, akampa mlinzi wa geti.

Aliwaonea wivu wale watoto kwa sababu walikusikia ukiimba sauti ya pili, na nyumbani uliimba tu ukiosha vyombo. Alimwonea wivu Padre kwa sababu ulimsikiliza bila kumkatiza. Lakini aliyemnyima usingizi hasa alikuwa mwalimu Andrew wa kwaya, kijana mrefu, mpole, mwenye gitaa. “Mwanaume iko na gitaa, hiyo hapana rafiki ya mtu,” alisema. “Hiyo ni mtego iko na nyuzi.”

Kisha ikaja ile Jumatano ya Majivu.

Wasiosoma pale hawaijui desturi ya vijana wako. Kwaresima ikianza, kila mmoja huwa na rafiki wa Kwaresima. Humwambii rafiki huyo. Unamwombea kila alfajiri, unamtendea mema kwa kificho, na mbele yake mdomo unaufunga mpaka Pasaka. Asubuhi ya Pasaka unamwendea, unamwambia, “Ni mimi,” na mnakula pamoja kutoka sahani moja. Binti yenu Olivia ndiye aliyeropoka mezani kwamba Mama naye ana rafiki wa Kwaresima. Yekosofati akaweka kijiko chini.

“Cissy, wewe asubuhi naombea nani?”

“Rafiki.”

“Rafiki gani? Iko na jina?”

“Iko na jina. Ngoja Pasaka, Afande.”

“Mwanamke?”

“Mwanaume.”

Ulijibu bila kupepesa macho. Mimi nilikuwa nimekuja kutoka Buwenge na ndizi za Mama, na nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka. Ulizoea kumwita Afande ukimtania na Bwana ukimtaka kitu, na siku hiyo hata lile Afande lilimchoma.

Tangu hapo mambo ya nyumbani yakabadilika. Akiamka, anakuta viatu vyake vya kazi vinang’aa. Mnyororo wa baiskeli ukapakwa mafuta. Akiwa zamu, chai ilimfikia bado moto, na chapati imefungwa ndani ya kitambaa safi. Jumamosi ukaanza kutoka mapema, kengele ya baiskeli ikilia mara moja tu umeshafika getini. Mume mwingine angepiga magoti akashukuru. Wa kwako alikuwa amekaa magereza miaka mingi mno.

“Mfungwa naanza kutii sana,” aliniambia tukiwa nje, akichungulia kama unasikia, “wewe angalia ukuta. Iko mahali nachimba.”

Nilimwambia aache upuuzi. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, akapanda baiskeli yake isiyolia tena, akaenda zamu akiwa na hasira na ule ulaini wake.

Halafu siku ya malewa. Hiyo, Cissy, tunaisimulia kwa uchungu. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi, na kwa Mmasaba kama mumeo hicho ndicho chakula. Wewe, Msoga wa Buwenge, hukuweza kuvumilia harufu yake. Miaka yote ya ndoa alikula malewa kwa dada yake tu, Khainza, alipokuja Mbale. Ukamtumia Khainza ujumbe, naye akakununulia sokoni, akampa dereva wa basi. Uliyaroweka, ukayachemsha kwa maji ya majivu kama alivyokuelekeza, ukayaunga kwa karanga za kusaga. Ulifunga kitambaa puani. Nyumba nzima ilinuka jiko la mlimani.

Kumbe mchana ule, akitoka zamu, alikuwa amekuona getini ukicheka na mwalimu Andrew. Akaingia, akaiona sahani.

“Hii ya nini?”

“Ya kula.”

“Mimi hapana kula. Pelekea ile rafiki yako.”

Ulimtazama, ukaitazama sahani, ukaanza kucheka. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni, kitambaa cha pua kikiwa shingoni.

“Nimeshapeleka, Afande,” ulisema. “Nimeshapeleka!”

Yeye alielewa kwamba mwenzake ameshakula, naye analetewa makombo. Chakula cha kwao, cha mlima wao, kikaliwa kwanza na mtu wa gitaa! Akaisukuma ile sahani hadi ukingoni mwa meza, akatoka. Malewa yalikwenda kwa majirani, nao waliramba vidole.

Wiki ile ile homa ikakushika. Wodini hapakuwa na nafasi ya mguu kwa wingi wa wanafunzi wako, wakisali rozari zamu kwa zamu, na mumeo alilazimika kupenya kama mtu aliyekuja kumwona mke wa mwingine. Alipofika kichwani pako aliinama. Sote tulidhani anakuaga. Ametuambia mwenyewe mwaka huu alichokuuliza: “Cissy, ile rafiki ni nani?” Ulikuwa huwezi tena kusema. Ukafumba macho, na Pasaka ikafika bila wewe.

Mazishini kwaya iliimba, Padre akasifu, wanafunzi wakakubeba mabegani. Mumeo alipewa nafasi ya kusema mwishoni, mvua ikiwa imeanza na watu wakitafuta pa kujibanza. Alisema, “Asante,” akakaa. Tangu siku hiyo akaufunga mlango wake. Vijana wako walikuja nyumbani Jinja, akawaambia kupitia dirisha kwamba amelala. Walirudi tena, akawaambia hivyo hivyo, na jua liko utosini. Mwaka mzima amekaa na swali moja kifuani kama mwiba wa samaki kooni: siku zako za mwisho, sala zako za mwisho, ulimpa nani?

Kwa hiyo kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia alitoa amri. Misa itasomwa Mbale, kaburini, na ni ya familia. Mtu wa shule asikanyage. “Walikuwa naye akiwa mzima,” alisema. “Sasa hii siku moja ni yangu.”

Siku yenyewe, Jumamosi, kabla ya Padre kufika, lori la shule likapanda kilima limejaa sare za shule. Yekosofati alikuwa amevaa magwanda yake, yamepigwa pasi mpaka yanasimama. Akaenda kwenye mwanya wa ua, akauziba kwa mwili wake. Wa kwanza kuruka chini alikuwa mwalimu Andrew, na gitaa. Nikasema moyoni, leo tutazika mwingine.

Lakini aliyesogea mbele ni Janepher, yule msichana wa Walukuba uliyemwachia uongozi wa vijana.

“Afande, hatukuja kulia.”

“Basi mnakuja kula?”

“Tunakuja kufungua siri. Kwaresima ya Mama mpaka leo hapana funguliwa. Tulikuja kwako Jinja, wewe nafunga mlango. Tukarudi, wewe nafunga. Siri ya Kwaresima nalala mwaka mzima, hiyo ni mbaya, Afande.”

“Sema,” shemeji alisema. Sauti haikuwa ya sajini.

“Ile Jumamosi kabla ya Majivu Mama alisema mwaka huu tusichague mtu wa shule. Kila mtu achague mtu wa nyumbani, ile tunamnyima muda kwa sababu ya mambo yetu ya Jumamosi. Halafu akasimama wa kwanza. Akasema, ‘Mimi wangu ni yule pale getini, na baiskeli.’ Sisi wote tukaenda dirishani kuangalia.” Janepher akafuta pua kwa mkono wa sweta. “Wewe ulikuwa napiga kengele.”

Yekosofati alitazama viatu vyake. Kisha akainua macho, na kwa sababu wivu haufi kwa siku moja, akamgeukia Andrew.

“Na wewe? Wewe ulikuwa na nani?”

“Mama mkwe wangu, Afande.”

Wanafunzi wakaangua kicheko, Khainza akaangua kicheko, na hata mimi, Mungu anisamehe, kando ya kaburi lako.

“Shule mzima ilijua?” akauliza.

“Shule mzima.”

“Mpaka mlinzi ya geti?”

“Yeye ndiye alikuwa naleta ripoti kama viatu nang’aa.”

“Hata hiyo,” alisema Yekosofati, “hata hiyo nyinyi mlijua mbele yangu.” Akakaa chini pale pale kwenye mwanya wa ua, magwanda na pasi yake yote, akalia. Mwaka uliopita hakulia, Cissy. Tulimsema sana kwa hilo, na leo tunayarudisha maneno yetu.

Alilia kwa sababu ulimpa yeye, na kwa sababu alikuwa amekataa. Alikumbuka kila kiatu, kila chapati aliyoifungua kwa shaka akitafuta kosa lako ndani yake. Aliikumbuka ile sahani. “Alifunga kitambaa puani,” alikuwa akirudia, “alifunga kitambaa puani.” Janepher akakaa kando yake kwenye vumbi, asimguse, mpaka alipomaliza.

Kisha akainuka na kuwaacha wapite. Waliimba vizuri. Walikuita Mama tena na tena, na kila walipoita tuliona taya lake likikaza, maana mtu habadiliki kama shati. Wimbo wa mwisho alimwomba mwalimu Andrew aupige bila gitaa kama inawezekana. Haikuwezekana, akavumilia.

Misa ilipokwisha vijana walisema watarudi Pasaka, waje na ngoma, wasali nawe asubuhi. Padre akaona ni jambo jema. Sisi wa Buwenge tukasema tutakuja na mama yetu. Yekosofati akatusikiliza wote kwa adabu, halafu akatikisa kichwa.

“Pasaka, hapana,” alisema. “Pasaka mtu nakula na rafiki yake.”

Ameshamwagiza Khainza malewa, ya moshi hasa, na karanga. Asubuhi hiyo atakuja na sahani moja, peke yake, akae mahali ulipo. Atakuambia alichosikia, nawe utamwambia kwa namna yako lile neno ambalo ugonjwa ulikukatiza. Wanafunzi wako wasije. Watoto wasije. Sisi dada zako tusije. Amesema tukija tutaukuta mlango umefungwa, na safari hii hatatusingizia kwamba amelala.

Wanaokukumbuka ni mama yako Namukose wa Buwenge. Watoto wako Olivia na Trevor. Wifi yako Khainza. Mimi mdogo wako Eseza pamoja na ndugu wote. Janepher na vijana wako, ambao nimewaandika hapa baada ya mabishano marefu. Na mbele yetu sote, kwa kuwa ameomba jina lake lisomwe peke yake na likae karibu na lako, ni rafiki yako wa Kwaresima, Sajini Yekosofati, ambaye amengoja Pasaka.

Cissy, maadamu tuko hai, hutasahaulika.