Maziwa Yaliyobaki Kibuyuni

Kericho, 4 Julai 1935

Dada yangu Chebet,

Nimerudi kutoka masomoni Uganda, na kesho naingia jeshini. Leo asubuhi ukungu ulifunika majani ya chai, nikadhani marehemu Mama atatokea humo na kikapu chake. Shangazi alinipa mursik, maziwa yetu ya mgando yaliyotiwa mkaa, katika kibuyu cha Mama, akacheka: "Msomi, bado unajua kunywa bila kikombe?" Maziwa yalinukia mkaa, kama mikono ya Mama. Nikabakiza kidogo, kama alivyotufundisha: msafiri hamalizi, ili nyumba imngoje. Sasa nyumba hiyo ni wewe. Shangazi atakuletea kibuyu huko Siongiroi. Usikiache kikauke, dada, na kila ukikitia maziwa, nikumbuke.

Kaka yako,
Kiprono