Mia Mbili Kasoro Tatu

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na miwani mpya imekukubali. Mimi sijambo, ila usingizi haba na kazi tele. Kwa kuwa masikio yako uliyaacha kwenye makelele ya cherehani za kiwandani kwenu, sikupigii. Nakuandikia barua humu humu kwenye simu, uisome polepole.

Nimerudi kutoka mafunzoni. Kiwanda kilinituma wiki nzima kusomea ubora, mimi mkaguzi wa koki za mitungi ya gesi, ninayeshinda na mikono kwenye karai la maji nikitafuta mapovu ya koki inayovuja. Mwalimu alitusimulia wazee walioanzisha elimu hii. Mmoja alichora mstari katikati ya karatasi, na mwingine juu na mwingine chini, ili fundi ajue lini kazi inayumba kama kawaida yake na lini kuna jambo. Wa pili, mtu wa takwimu, alikwenda kufundisha wenye viwanda katika nchi iliyotoka vitani. Aliwaambia makosa mengi hayatoki kwenye mikono ya mfanyakazi, yanatoka kwenye jinsi kazi ilivyopangwa, na anayepanga ni mkubwa. Akataka pia waondoe woga kazini. Kuna na aliyechora vyanzo vya tatizo kama mifupa ya samaki.

Mkurugenzi kafurahi, kabandika yote ukutani. Tuna utaratibu mpya pia. Zamani koki ikitoa povu naitupa kwenye ndoo. Sasa naiacha ndani ya boksi, juu ya nyingine, mpaka msimamizi aione kwa macho yake, na mimi naandika idadi kwenye karatasi. Naogopa kidogo, sijui kwa nini.

Mwanao,
Kitindamimba


5 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Miwani nayo inanionyesha vumbi nililokuwa nikiishi nalo kwa amani. Wewe unakula? Usinijibu kwa picha ya sahani ya mtu mwingine kama mwezi uliopita.

Huyo mzee wa kuondoa woga nimempenda, ila sijui kama amewahi kukaa chini ya msimamizi. Woga hauondoki kwa kubandikwa ukutani. Kiwandani kwetu palikuwa na bango kubwa, "Ubora Kwanza", na chini yake ndipo aliposimama yule bibi wa kutufokea. Na huyo samaki wa mifupa mitupu, nyama kala nani? Mimi nashuku mkurugenzi.

Mwangalie tu huyo msimamizi wenu mnayemwita Chapchap. Ulinieleza hufunga boksi huku anatembea. Haraka haraka haina baraka, na gesi si vifungo vya shati.

Mama yako


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, usinione sina adabu.

Wiki iliyopita nilikagua boksi la koki mia mbili. Tatu zilitoa mapovu. Nikaziweka juu ya nyingine kama tulivyoagizwa, nikaandika kwenye karatasi: "200 kasoro 3". Maana yangu, koki mia mbili, na tatu kati yake zina kasoro. Nikaendelea na boksi jingine.

Leo mwenye duka tunayemuuzia kapiga simu stoo, kacheka na kushukuru. Boksi lake lilikuwa na koki mia mbili na tatu. Mtunza stoo naye kacheka, kasema huo ni uungwana wa kiwanda. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono yangu inachuruzika maji, na nikaelewa. Chapchap alisoma mia mbili kasoro tatu kama mtu anavyosoma saa mbili kasorobo. Alidhani tatu nimeshazitoa, zimebaki mia moja tisini na saba. Akachukua tatu nzima, akajaza pengo, akafunga.

Zile tatu hazina alama, mama. Ukizitazama nje ya maji utaona ni nzima kama nyingine. Duka limeshauza sitini na kitu.

Sijamwambia mtu. Mwaka jana mkurugenzi kafukuza wawili kwa kosa dogo kuliko hili, na mwandiko ni wangu. Nikisema, sina kazi. Nikinyamaza, kuna mtu anawasha jiko. Naogopa. Niambie nifanye nini.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia nimesimama, sina hata hamu ya kukaa.

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata marehemu baba yako. Tulipokuwa tukishona sare za watoto wa shule, sindano ikikatika ilikuwa lazima vipande vyote vipatikane, vibandikwe kwenye karatasi, ndipo upewe sindano mpya. Siku moja yangu ilikatika vipande vitatu. Nilipata viwili. Cha tatu, ncha yenyewe, kilibaki kwenye kola mojawapo, na rundo lilikuwa la kola arobaini. Yule bibi alikuwa anakuja. Nikavunja ncha ya sindano kuukuu niliyokuwa nayo kwenye mkoba, nikaibandika, nikapewa sindano mpya. Hakuna aliyejua. Niliendelea na kazi miaka kumi na moja baada ya siku hiyo.

Sijui ilimchoma nani. Mpaka leo nikipita karibu na watoto wa shule natazama shingo zao, na waliovaa zile sare wameshakuwa watu wazima wenye watoto wao. Kazi niliilinda, lakini sikuwahi kuifurahia tena.

Nenda sasa hivi. Usisubiri barua yangu nyingine.

Mama yako


17 Machi

Kitindamimba, ulikwenda? Niandikie hata neno moja.

Mama


22 Machi

Mwanangu, nimekaa na simu mapajani kama mtu anayelea. Kama wamekufukuza rudi nyumbani, chumba chako kipo. Nakuomba tu useme.

Mama


2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Simu ilikuwepo, maneno ndiyo hayakuwepo. Niliapa nisikuandikie mpaka zipatikane zote.

Nilikwenda saa ile ile. Mkurugenzi alikaa chini ya mabango yake akauliza swali moja, nani kaandika hivi. Nikasema mimi. Akaniambia nivue koti la kazi. Nilikuwa kwenye kifungo cha pili Chapchap alipoingia, akasema aliyesoma ni yeye, basi avue na yeye. Kisha akaichukua karatasi, akawapitishia watu sita waliokuwa mlangoni, kila mmoja aseme koki nzima ziko ngapi ndani ya boksi na mbovu ziko wapi. Watatu walisoma kama mimi, watatu kama yeye. Mkurugenzi akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe mara mbili. Mwisho akasema tufunge vifungo, gari litoke kwenda dukani.

Koki zilizobaki dukani zilirudi, moja ikatoa povu. Mbili zilikuwa zimeshauzwa, ziko majumbani kwa watu. Mimi na Chapchap tukaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba na sifongo na kikopo cha sabuni, tukipaka povu kwenye kila koki. Ya pili tuliipata siku ya nne, haijatolewa hata kwenye mfuko. Baada ya hapo, siku zikapita tupu. Nilikuwa nikisikia mtu anapiga kelele mtaani, natoka mbio kutazama kama kuna moshi.

Jana tulifika kwa mama mmoja anayefua nguo za watu, ana chumba na jiko dogo la uani. Madirisha yote wazi, mlango wazi. Nilipopaka sabuni, povu likavimba mbele ya macho yetu. Aliona uso wangu, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Nisamehe, mwanangu. Harufu ya gesi naisikia tangu nilipoinunua koki hii. Nadhani mimi ndiye nisiyejua kuifunga. Watoto nimewakataza jikoni wasije wakaumia kwa uzembe wangu."

Siku zote hizo, mama, alikuwa amebeba kosa letu akidhani ni lake. Nilimwambia, "Kosa si lako," nikaanza kuifungua ile koki. Chapchap, ambaye sijawahi kumwona ametulia, alikaa kwenye kizingiti na kushika kichwa.

Nikafunga koki mpya, tukapaka sabuni, hakuna povu lililovimba. Yule mama akatushukuru. Akatusindikiza mpaka barabarani, na njia nzima alikuwa akituomba radhi kwa usumbufu.

Mwanao,
Kitindamimba