Siku Mikono Yako Iliposoma Dilala

Yaya yangu Feli, dada yangu mkubwa,

Tangu ulipoolewa ukahamia Lubumbashi, watu wa mtaa wetu wa Dilala wamelisahau jina langu. Juzi mwendesha taksi-moto alinisimamia njiani, akanitazama vizuri, akauliza: "Mama, we njo ile sauti ya Feli? Yeye atarudia lini?" Nikamwambia amuulize mume wako. Alicheka hadi pikipiki ikazimika.

Nakuandikia barua hii, na Jumamosi, siku ya posho, nitaisoma mbele ya watu wote kabla ya kuituma kwako. Lipo jambo nililokutendea mbele yao, na wao hawakulielewa. Nataka walisikie kutoka kinywani mwangu.

Kwanza nikumbushe tulivyoanza, maana hapo ndipo ninapocheka. Nilikuwa nimetoka mjini kwenye kusanyiko la wasomaji, nimejipaka mafuta, nimevaa kitenge kipya, na hadithi yangu ndani ya bahasha. Bwana aliyepokea karatasi akaona ni Kiswahili, akanirudishia kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika samaki aliyelala juani. "Mama, leta ya Kifaransa." Nilifika nyumbani na hasira, nikawa natembea kati ya cherehani zetu mbili, nikisema kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja, mpaka wewe, usiyesikia, ukaniambia nichague moja. Wewe ulikuwa unapinda gauni la mteja. Ulichomeka sindano kwenye mto wake, ukainua mikono, ukasema: "Tuna viti."

Vilikuwa vinne. Na benchi ya wateja. Ukaongeza: "Na mikeka."

Jina la kusanyiko letu wenyewe pia ulilitoa wewe. Jumamosi kwetu ni siku ya posho, tangu enzi ambapo wafanyakazi wa mgodi walipewa chakula chao cha wiki siku hiyo. Ukasema basi na sisi tugawe posho ya maneno. Nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa atelie yetu ya kushona: POSHO. KILA LUGHA, KILA MUTU. Neno "maneno" halikuenea mlangoni. Ndiyo sababu Jumamosi ya kwanza walikuja watu watano, na watatu kati yao walikuja kuchukua unga. Unamkumbuka Mama Astrida na mfuko wake mtupu? Alisimama mlangoni akitafuta magunia kwa macho. Ukampa kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu kitamu cha mahindi, akakaa. Wiki iliyofuata alirudi na binti yake, akamwambia aandike, na mama mwenyewe akatusimulia kwa Kilunda habari za mkwe wake aliyeogopa kuku. Nusu ya watu hawakujua Kilunda, na wote walicheka.

Baada ya hapo walizidi kuja. Wachimbaji wa Musonoi, bado na vumbi jekundu kwenye kope. Zaina, ambaye baba yake ana malori, alitusomea safari zake kwa sauti ndogo hata benchi ikasogezwa mbele. Na Tata Ngoie, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, aliyekuja kutuonyesha makosa yetu akaishia kuwa mtu wa kiti cha mbele, kila wiki, na kalamu yake nyekundu mfukoni. Unakumbuka siku umeme ulipokatika na ile maikrofoni ya kuazima ikafa? Bwawa la umeme la Nzilo liko hapo karibu, na sisi tumekaa bila umeme. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba hawasikii. Ulinigusa bega, uso wako ukiwa mzito kama wa hakimu, ukasema: "Waambie watazoea."

Kisha ikaja ile Jumamosi uliyoniambia asubuhi, tukiwa tunafagia: "Leo nasoma mimi."

Ulikuwa na lile daftari la jalada la kijani. Tulikubaliana kwamba utasimama mbele, utasema kwa mikono, na mimi nitasimama pembeni niweke sauti. Tata Ngoie akauliza, si kwa ubaya, alitaka tu kujua: "Lakini muntu hasemaka, atasoma namna gani?"

"Atasoma na mikono, tata," nikamjibu. "Mi nitaweka sauti tu."

Ulivaa lile gauni la bluu. Ulianza na mbuzi wa jirani aliyekula karatasi yako ya mtihani, na mama aliyemfukuza kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, mpaka barabara ya malori. Watu walishika mbavu. Wewe kicheko ulikiona kwenye mabega yao, nikaona umerefuka kidogo pale mbele, mikono yako ikaanza kwenda haraka, nikawa nakimbia nyuma yako.

Ukafika mezani. Ulieleza meza ya chakula ya kwetu, midomo yote inakwenda, na msichana mmoja anageuza kichwa huku na huku. Anamuuliza mdogo wake: wanasema nini? Mdogo wake anamjibu: hakuna kitu, nitakuambia baadaye. Kila siku baadaye. Halafu siku moja watu wanajaa kwenye lupango, uani kwetu, wanalia, na msichana anauliza ni nani. Mdogo wake anamwambia: baadaye. Msichana akajua ni baba yake alipoliona jeneza.

Mikono yako ilisema hivyo. Mimi nikasema: "Siku moja baba alifariki, na familia ikahuzunika sana."

Jirani zetu wa Posho, mlifikiri sikuiona mikono yake vizuri. Mlisema baadaye kwamba alikuwa anakwenda mbio. Sivyo. Niliona kila neno. Nilipunguza kwa makusudi, kama nilivyokuwa nikipunguza tangu utoto, kwa sababu huyo mdogo wake ni mimi.

Wewe, yaya, ulikuwa unaitazama midomo yangu. Mikono yako ikasimama hewani. Nikafikiri utaketi. Badala yake ulifungua kinywa, wewe ambaye hukuwahi kutoa sauti mbele ya watu tangu wale watoto wa shule walipokuiga, ukasema:

"Yote."

Ilikuwa sauti nene, imekwaruza, na iliwafikia watu wa mlangoni. Hakuna aliyecheka. Tata Ngoie akavua miwani, akanigeukia: "Mama Odette, umesikia. Muandishi anasema yote."

Nikarudia. Ilinibidi niseme kwa kinywa changu, "Nilimuuliza mdogo wangu ni nani amekufa, akaniambia baadaye," na huyo mdogo ni mimi mwenyewe. Nilifika mwisho bila kuacha hata neno moja, hata pale uliposema kwamba ulimpenda sana huyo mdogo na ulitamani kumpiga kofi. Walipomaliza kupiga makofi Mama Astrida akawaambia hayo hayasaidii, akainua mikono yote miwili na kuitikisa hewani ili uone. Wote wakamfuata. Ulilia, ukasema ni vumbi.

Tulipokuwa tunaosha vikombe nikakuomba msamaha. Nikakueleza kwamba nilikuwa na miaka tisa, sikujua kifo kinasemwaje kwa mikono. Uliitazama mikono yangu mpaka mwisho. Kisha ukasema: "Ulikuwa na miaka tisa. Sasa una thelathini na minne." Ukanipa sabuni, na ukanionyesha kikombe nilichokiosha vibaya.

Tangu siku hiyo sikupunguza tena, yaya. Siku nyingine Posho ilichelewa kwisha kwa ajili hiyo, na Tata Ngoie alinuna, kwa sababu mke wake alimngoja na chakula. Lakini hakubaki nyumbani hata wiki moja.

Sasa nikupe habari mpya. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Musonoi, anaitwa Mama Sifa, ameshika mkono wa binti yake wa miaka sita, Merveille. Mtoto hasikii. Mama alikuwa amesimuliwa habari zako na mchimbaji mmoja. Hakutaka kiti. Aliniambia pale pale mlangoni: "Mi nataka nisemeshe mutoto yangu. Nianzie wapi?"

Mimi si mwalimu. Nilitaka kumwambia angoje, nikaona aibu, nikaanza. Maji. Kula. Njoo. Inauma wapi. Siku hizi saa moja kabla ya kusoma tunajifunza, watu saba kwenye benchi, na Zaina ndiye hodari kuliko wote. Nikawafundisha pia kusema "mama": unavuta ndewe ya sikio mara mbili. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba ishara hiyo haitoki kwenye shule yenu ya viziwi hata kidogo. Uliitunga wewe, ukiwa mdogo, kwa sababu ya zile heleni kubwa za marehemu mama. Duniani tuliijua watatu tu.

Jumamosi iliyopita Merveille alikuwa amekaa mkekani akichora. Mama Sifa akaingia langoni na ndoo ya munkoyo kichwani. Mtoto akainua macho, akamwona, akavuta sikio lake. Akaona mara mbili haitoshi, akavuta masikio yote mawili, mara nyingi. Mama Sifa aliiachia ndoo. Tulikaa mchana mzima miguu inanata, na hakuna aliyelalamika.

Basi njoo, yaya. Njoo na shemeji, atutengenezee viti, maana vinne havitoshi tena. Njoo unisahihishe ishara ninazowafundisha vibaya, ni nyingi. Lakini ile moja ya sikio nakuomba uiache.

Ni mimi mudogo wako,
Odette